Ufagio Si Adhabu: Somo kwa Viongozi wa Vijana

Sisi tuliofundisha shule kwa miaka mingi tunalo jambo la kuungama. Mtoto alipochelewa namba tulimpa ufagio. Aliyepiga kelele tulimtuma kufyeka majani. Aliyekosa zaidi alisafisha vyoo. Tulidhani tunamrekebisha, kumbe tulimfundisha kwamba usafi ni kazi ya mkosaji. Leo tukiwaita vijana kusafisha eneo la soko, wanatutazama kama watu waliohukumiwa. Je, tuwalaumu wao?

Katika somo hili tutazame mahali ambapo jambo hilo liligeuzwa. Mathare ni bonde la jiji la Nairobi, lenye vibanda vilivyobanana na watu wa kipato kidogo. Taka zilirundikana bila kuzolewa, mifereji ikaziba, na watoto wakaugua. Mwaka 1987 Mkanada Bob Munro, aliyekuwa mshauri wa mambo ya mazingira, alianzisha huko pamoja na vijana Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kijulikanacho kama MYSA. Tujifunze kwao mambo matatu.

Kwanza, usafi uliunganishwa na mpira. Timu iliyoshinda mchezo ilipata pointi 3. Iliyomaliza zamu yake ya usafi ilipata pointi 6. Basi hapakuwa na bingwa wa miguu mitupu; koleo na reki nazo zilihesabiwa katika ligi. Kazi ile ile tuliyoifanya adhabu, wao waliifanya heshima. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliwapa tuzo ya Global 500.

Pili, vijana walipewa nafasi ya kusema. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong aliwapa baadhi yao kamera za plastiki za bei nafuu, wapige picha za maisha yao wenyewe. Mpango huo uliitwa Shootback, na mwaka 1999 picha zao zilitolewa kitabu. Kabla ya hapo wageni ndio waliozoea kuwapiga picha wao. Chama kilikuwa pia na kikundi cha muziki, ngoma na maigizo, Haba na Haba. Kijana anayeigiza habari ya mfereji ulioziba hana budi kwanza kuutazama vizuri.

Tatu, vijana waliongoza wenyewe. Walichaguana katika kamati, na aliyejitolea kufundisha timu ndogo au kuwa refa alijipatia pointi za kumsaidia karo. Fedha hizo zililipwa shuleni kwake.

Hata hivyo tusidanganyike. Umaskini wa Mathare haukuisha kwa mpira wala kwa picha, na bidii ya vijana haiiondolei halmashauri wajibu wake wa kuzoa taka. Lakini maelfu ya watoto walijifunza kwamba mtaa ni wao.

Nasi tufanye nini? Rugu si jiji, ila watoto wetu huenda Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam kutafuta kazi, na wengi hupanga katika mitaa kama ile. Huko watachukua walichojifunza hapa. Yafaa basi mashindano yetu ya mpira yawe na pointi za kusafisha chemchemi na kupanda miti, na siku ya fainali kila timu ilete ngonjera au igizo la kwake. Vijana watunge kanuni na kuandika pointi. Wazee tuwe washauri tu. Tena tuwe wa kwanza kushika ufagio, wakituona.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni kazi gani njema tumeifanya kuwa adhabu nyumbani na shuleni?
2. Mathare waliunganisha usafi na mpira. Vijana wa hapa wanapenda nini zaidi?
3. Ni madaraka gani sisi wazee tunaogopa kuwaachia vijana, na kwa nini?