Kukimbia Joto Huko China

Wajua kwamba Wachina huiita miji ya Chongqing, Wuhan na Nanjing matanuri? Julai hapo joto hupita nyuzi 35. Nazo shule zimefungwa, kwa hivyo watu wamejaa kwenye Ukuta Mkuu karibu na Beijing kama siafu. Raha gani hiyo?

Mjanja hupanda juu. Mji wa Liupanshui, mkoani Guizhou, uko mita 1,800 hivi juu ya bahari, yaani kama Nairobi yetu au zaidi kidogo. Wastani wa Julai ni nyuzi 20 tu. Usiku utatafuta sweta! Kumbuka somo la jiografia: ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Wageni wa ng'ambo huko ni wachache, kwani wengi hawajalisikia hata jina lake.