Mbio za Ukubwani: Kijitabu cha Afya kwa Kaya za Tarime na Serengeti

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya wananchi kunyoosha viungo. Leo vikundi vya jogging vipo hadi kwenye miji ya wilaya, na ndani yake wamo watu wa miaka 40, 50 na 60 ambao mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi. Kijitabu hiki ni chao na cha wanaoishi nao. Hoja yake ni moja: umri haumkatazi mtu kukimbia, ila unarefusha muda ambao mwili unahitaji kujijenga upya baada ya mbio. Anayeng'ang'ania ratiba ya ujana ndiye anayeumia.

Sababu iko mguuni. Mtu anayeanza mazoezi akiwa na miaka 50 huona pumzi inafunguka ndani ya wiki chache, kwa kuwa moyo na misuli hujifunza upesi. Kano, yaani zile kamba ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, hupata damu kidogo na huhitaji miezi kadhaa ili ziimarike. Mifupa nayo haina haraka, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye mifupa yake hupoteza madini kwa kasi kuliko zamani. Basi wiki ya sita mtu anajiona mwepesi, anaongeza umbali maradufu, na baada ya siku chache anashuka kitandani asubuhi kisigino kikiuma kana kwamba kimechomwa. Pumzi ilimruhusu, kano ilikuwa bado. Kwa mantiki hiyo hiyo, anayekimbia Jumamosi moja tu kwa mwezi, tena kwa kushindana na vijana, yumo kwenye hatari kubwa kuliko anayetoka kidogo kidogo mara tatu kwa wiki.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba mbio humaliza magoti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianza mwaka 1984 kufuatilia wakimbiaji wa kawaida zaidi ya 500 waliokuwa na miaka 50 na kuendelea, wakiwalinganisha na watu zaidi ya 400 wasiokimbia. Baada ya miaka 19, asilimia 15 ya wakimbiaji walikuwa wamefariki. Upande wa pili ni asilimia 34. Baadhi yao walipigwa picha za magoti kwa karibu miongo miwili, na magoti ya wakimbiaji hayakuonekana kulika zaidi. Mtu makini atasema kwamba huenda waliochagua kukimbia walikuwa na afya njema tangu mwanzo, na hilo ni kweli kwa sehemu. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kulifuta kabisa. Lakini uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kulika kwa goti au nyonga kwa asilimia 3.5 tu ya wakimbiaji wa kujifurahisha, 10.2 ya wasiokimbia, na 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Tazama namba hiyo ya mwisho. Kukimbia kwa kiasi hakuonekani kuua goti, na kukaa bure hakuliokoi. Mashaka yapo kwa wale wanaoutumikisha mwili kupita kiasi.

Pingamizi la pili ni la mkulima: mimi nalima kutwa, mbio za nini? Ana haki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito, na kazi ya jembe inahesabiwa humo. Anayepalilia mahindi tangu asubuhi hana deni la mazoezi siku hiyo, na akiongeza mbio jioni anaiba muda wa kupona. Mwenye deni ni mwalimu, mwenye duka, karani, na dereva wa bodaboda anayeshinda amekaa. Kwa hao, kutembea haraka kunatosha kwa kuanzia, kisha dakika moja moja za kukimbia zichanganywe katikati ya kutembea.

Wapo watakaomtaja John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, alianguka, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Heshima yake haina mjadala. Lakini Akhwari alikuwa na miaka 30, mkimbiaji wa kiwango cha dunia aliyetumwa na taifa lake, na mwaka 1970 huko Edinburgh alikuwa na nguvu za kushika nafasi ya 5 katika marathoni ya Jumuiya ya Madola. Hakuna taifa lililomtuma mtu wa miaka 55 kukimbia kutoka Tarime hadi Sirari huku akichechemea. Maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho asubuhi yanavumilika. Maumivu yanayobadilisha mwendo wako yanataka usimame palepale na kurudi nyumbani ukitembea.

Kipimo cha mwendo tunacho tangu shuleni. Ukiweza kuitikia wimbo wa mchakamchaka bila kukata pumzi, mwendo wako ni mwepesi. Ukishindwa hata kusema sentensi moja, umezidisha. Baada ya miaka 50, siku moja ya kukimbia ifuatwe na siku moja au mbili bila mbio. Milima ya Tarime inasaidia wakati wa kupanda, kwa kuwa mguu hautui kwa kishindo. Mteremko ndio unaobamiza magoti na kuchosha mapaja, hivyo shuka ukitembea. Viatu vya mitumba havina ubaya, ila kabla ya kulipa viweke mezani uvitazame kwa nyuma: kisigino kikiwa kimelala upande, kiache, maana kimekwisha chukua umbo la mguu wa mwingine. Na katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, usitoke alfajiri gizani. Tembo walioshinda mashambani usiku hurejea porini saa hizo hizo.

Kano ya kisigino ikiuma, dawa yake ipo barazani. Mwaka 1998 madaktari wa Sweden waliwapa wakimbiaji 15 wa kawaida, wengi wao wa umri wa makamo, zoezi moja: kusimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole vya miguu, kisha kushusha kisigino cha mguu mbovu polepole chini ya ukingo, na kujirudisha juu kwa mguu mzima. Walifanya mara 15 kwa awamu tatu, goti likiwa limenyooka, kisha awamu nyingine tatu likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kwenye mbio zao. Jambo la kuzingatia ni hizo wiki 12, ambazo watu wengi huzikatisha ya tatu kwa sababu maumivu yamepungua. Kwa mguu ulioteguka na kuvimba, epuka kuuchua kwa nguvu na kuukanda kwa maji ya moto siku mbili za mwanzo. Tumia kitambaa cha maji baridi na uuinue. Diklofenaki ya duka la dawa isimezwe ili mtu apate kukimbia: inaficha maumivu, inaweza kupandisha presha, na huumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji.

Limebaki la presha. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini ana shinikizo la juu la damu, na wengi walikuwa hawajui. Nenda kituo cha afya kilicho karibu upimwe presha na sukari kabla ya wiki yako ya kwanza ya mbio, hasa ukiwa umepita miaka 40. Na ninyi wa nyumbani: mkimbiaji wenu akibanwa kifua, akizimia, akisikia mlio nyuma ya kisigino kisha akashindwa kusimama kwa vidole, au shavu la mguu likivimba na kuwa la moto, msisubiri kesho. Mpelekeni siku hiyo hiyo.