Ndoo, Msasa na Spana: Mwongozo kwa Dereva, Utingo na Mwenye Lori

Kijitabu hiki ni cha mwenye Fuso moja au mbili, dereva wake na utingo wao, watu ambao gari likilala gereji siku moja, siku hiyo hakuna hela inayoingia. Kampuni kubwa zina karakana na mafundi wa kuajiriwa. Ninyi mna ndoo, msasa na sanduku la spana. Vitu hivyo vinatosha kwa kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wengi huosha lori ili lipendeze machoni pa tajiri. Sisi tunasema lioshwe ili likaguliwe, kwa sababu chesisi safi yenye rangi nzima huonyesha ufa, uvujaji na nati iliyolegea wakati bado ni jambo la nusu saa.

Kuosha

Anza juu, malizia chini, na chini ndiko kwenye kazi. Aliyebeba chumvi ya Uvinza au mbolea kutoka bandari ya Dar es Salaam asilaze gari bila kulimwagia maji, kwani chembe zinazobaki kwenye pembe za bodi na juu ya chesisi hunyonya unyevu wa hewa na kuendelea kula chuma hata kiangazi. Magari yanayoshinda pwani yanapata chumvi hata bila kuibeba.

Tope lililokauka lilowanishe kwanza. Ukilisugua kavu, mchanga wake unafanya kazi ya msasa juu ya rangi. Sabuni ya unga ya kufulia inatoa mafuta yote, pamoja na nta inayolinda rangi, kwa hiyo tumia sabuni ya kuoshea magari. Osha kivulini. Mashine ya presha isisogezwe karibu na waya, alteneta, sili za habu wala viungo vya propela, maana maji yakisukumwa humo yanaitoa grisi. Ndiyo sababu grisi hupigwa baada ya kuosha, si kabla.

Sasa tumia macho. Mstari wa kutu unaochuruzika kutoka kwenye nati ya gurudumu ni dalili kwamba nati inacheza. Unyevu wa mafuta upande wa ndani wa gurudumu unaonyesha sili ya habu imechoka, na mafuta hayo yakifika kwenye breki, gurudumu hilo halitashika. Angalia majani ya springi moja moja. Kwenye chesisi, tafuta uzi mwembamba wa kutu unaopasua rangi, hasa karibu na vishikio vya springi na matundu ya bolti. Huo ni ufa. Usikubali uchomelewe na fundi wa kwanza utakayemkuta njiani: chesisi nyingi za malori ni chuma kilichoimarishwa, na uchomeleaji mbaya hudhoofisha pembeni mwa kiraka. Ikibidi kuchomelea popote kwenye gari, betri zitolewe kwanza na kompyuta ya injini ichomolewe.

Rangi iliyobanduka

Mkwaruzo usiofika kwenye bati unaweza kusubiri. Uliofika usingoje masika.

Osha, kausha, kisha kwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka bati ling'ae. Msasa namba 80 ni wa kutu nzito. Fuata na 180, kisha 320 kwenye kingo za rangi nzima, mpaka kidole kikipita kisisikie ngazi. Rangi ya zamani huenda ina risasi, hivyo isugue kwa msasa wa maji ili vumbi lisipeperuke, na watoto wasichezee hapo. Kausha vizuri, futa kwa kitambaa chenye thina, usiguse tena kwa mkono. Praima ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyohiyo, kwa kuwa pwani bati tupu hushika kutu kwa usiku mmoja. Pati iliyopakwa juu ya kutu itainuka tu, hata kama fundi ameisawazisha kama kioo. Malizia kwa mikono miwili myembamba ya rangi, usipake mmoja mzito.

Kwa chesisi na bodi ya mzigo, rangi ya mafuta ya brashi inatosha. Rangi za kuchanganya na dawa ya kukaushia, zinazopulizwa kwa mashine, mara nyingi zina kemikali za isosayanati zinazoweza kumletea mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Hizo mwachie fundi mwenye vifaa.

Usipake rangi kibao cha namba ya chesisi, stika zinazoakisi mwanga, mipira ya upepo, vichwa vya kupigia grisi wala fimbo za chemba za breki. Pia pale gurudumu linapokutana na habu pabaki pasafi: rangi nene ikikaa katikati huja kubonyea, nati zikapoteza ukazo wake. Na anayetaka kugeuza rangi ya gari lote akumbuke kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi. Kwa Tanzania, taarifa hizo zinabadilishwa TRA.

Kuna desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari eti inazuia kutu. Hatuipendi hata kidogo. Inalainisha bushi na mipira, inashika vumbi, inadondoka ardhini, na kubwa zaidi inaficha nyufa tulizosema zitafutwe. Oili iliyotumika ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi; iwekwe kwenye dumu, ipelekwe kwa wanaoikusanya.

Upepo, dizeli, maji na grisi

Matangi ya upepo yafunguliwe maji kila siku. Maji kidogo si ajabu. Maji mengi yanaonyesha kikausha hewa kimechoka, na uji wenye oili unaonyesha kompresa inapitisha mafuta. Kutafuta uvujaji, weka vigingi kwenye magurudumu, jaza upepo, zima injini, achia breki ya kuegeshea, tazama geji. Ikishuka haraka, pita na brashi yenye povu la sabuni kwenye viungo. Penye mapovu ndipo penyewe. Heri kuligundua hilo kituoni kuliko katikati ya mteremko wa Kitonga.

Kitenganisha maji cha dizeli nacho kifunguliwe mpaka itoke dizeli safi. Ukibadilisha filta, toa hewa kwa pampu ya mkono. Kwenye injini za kisasa usijaze filta dizeli ya dumu, kwa kuwa uchafu wake unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Wala usilegeze mabomba ya nozeli injini ikiwaka, maana dizeli ya presha ile hutoboa ngozi.

Rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto, hilo kila mtu analijua na bado watu wanaungua. Wachache wanajua kwamba maji ya bomba matupu huachia slivu za injini vishimo, hadi siku maji yanapoingia kwenye oili. Tumia kulanti.

Futa kichwa cha grisi kabla ya kupiga. Kwenye kros za propela, pampu mpaka grisi mpya itoke pande zote nne. Upande usiotoa ni mkavu.

Nati za gurudumu hukazwa kwa kukingamana, kwa kipimo cha mtengenezaji, na hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Hapa ndipo haraka inapoponza wengi.

Usivyogusa

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, wala chini ya bodi ya tipa iliyoinuliwa bila nguzo yake ya usalama. Kebini ikiinamishwa, iinamishwe hadi mwisho na kifungo chake kishike, baada ya kutoa chupa, spana na kila kilicho huru ndani. Na chemba ya breki ya kuegeshea isifunguliwe barabarani: ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu inayotosha kuua mtu. Ikiharibika, inabadilishwa nzima, na fundi mwenye kifaa cha kuifunga.