Somo la Mazingira: Maji Kwanza, Jembe Baadaye
Jinsi wakazi wanavyoweza kujitolea kutunza vijia vya baiskeli msituni

Wikendi zinapofika, waendeshaji baiskeli hupanda kutoka Nairobi kuelekea Limuru, Tigoni na msitu wa Kereita, kaunti ndogo ya Lari. Miongoni mwao wamo vijana wetu wa Kiambu. Wanapoingia msituni hukanyaga vijia vilevile vinavyotumiwa na mama anayetafuta kuni kwa kibali, mchungaji na mwanafunzi anayekatiza kwenda shule.

Vijia vya aina hii kwa kawaida havina kontrakta. Huishi kwa sababu watu wachache huamua kuchukua jembe siku ya Jumamosi na kwenda kuvitengeneza bila malipo. Nia njema peke yake, hata hivyo, haitoshi. Kijia kilichochimbwa vibaya hugeuka mtaro msimu mmoja tu wa mvua. Udongo wetu mwekundu huteremka nao hadi mtoni, watu huanguka na kuumia, na mwishowe msimamizi wa msitu hana budi kukifunga. Hapo wanaopoteza ni wote: mwendeshaji, anayemuongoza mgeni, anayemuuzia chai na mahindi, na mkulima aliye upande wa chini anayechota maji yaliyochafuka.

Somo la toleo hili linaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Lisome kabla ya mvua za Machi hadi Mei, kisha ulijadili na kikundi chako.

1. Adui ni maji

Wengi hudhani kijia huharibiwa na magurudumu. Magurudumu yana sehemu yao, hasa mtu anapofunga breki ghafla kwenye mteremko au anapopita wakati matope yanashika tairi. Lakini mharibifu mkubwa ni maji yanayokimbia. Yakipata njia iliyonyooka kushuka mlima, huongeza mbio, na kadiri yanavyoongeza mbio ndivyo yanavyobeba udongo mwingi zaidi.

Mkulima wa Kiambu analijua jambo hili. Shambani tunachimba makinga maji na matuta ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili kuzuia maji na rutuba visishuke. Kwenye kijia, adui ni yuleyule lakini dawa ni tofauti. Shambani tunataka maji yakae. Kijiani tunataka maji yavuke upande mmoja hadi wa pili na kuondoka taratibu, yakiwa bado machache na hayajapata mbio. Anayekumbuka tofauti hiyo ameelewa nusu ya somo.

2. Kupima mteremko kwa kamba

Vikundi vingi vya kutunza vijia duniani hufuata kanuni zilizoenezwa na IMBA, chama cha kimataifa cha waendeshaji baiskeli za milimani kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988. Mbili kati ya hizo zinatosha kwa anayeanza.

Kanuni ya kwanza ni ya nusu: mteremko wa kijia usizidi nusu ya mteremko wa mlima kinapopita. Ukizidi nusu, maji hayavuki tena; hugeuka na kufuata kijia chenyewe. Kanuni ya pili: kwa wastani, mteremko wa kijia kizima usizidi asilimia 10.

Huhitaji mashine kupima. Chukua kamba ya mita 10, pimamaji ya fundi wa ujenzi na futi ya kupimia. Mtu wa juu aishike ncha ya kamba chini kabisa, kwenye udongo. Wa chini ainyanyue ncha yake na kuivuta hadi pimamaji ionyeshe kuwa kamba imelala sawa. Wa tatu apime kutoka ardhini hadi kwenye kamba upande wa chini. Ukipata mita 1, mteremko ni asilimia 10. Ukipata mita 2, ni asilimia 20.

Sasa pima mara mbili mahali pamoja: kwanza ukishuka moja kwa moja kama maji yanavyoshuka, kisha ukifuata kijia. Ikiwa mlima umetoa mita 2, kijia kisitoe zaidi ya mita 1. Kikitoa mita 1 na nusu, hapo ndipo mtaro utakapoanza. Usidanganywe na mahali palipo karibu tambarare: mlima wenye asilimia 8 unaruhusu kijia cha asilimia 4 tu.

3. Kazi ya siku moja

Kikundi cha watu 10 chenye majembe, fyekeo, panga, reki na sururu kinaweza kufanya kazi hizi kwa mpangilio.

Kwanza, kagua wakati wa mvua au mara tu baada yake. Siku hiyo usichimbe. Tembea tu na uweke alama pale maji yanapotuama na pale yanapokimbia. Kijia kikavu huficha makosa yake.

Pili, bomoa tuta la ukingo. Kadiri watu wanavyopita, katikati ya kijia hudidimia na udongo hurundikana upande wa chini. Tuta hilo dogo huyafungia maji ndani. Likwangue kwa jembe, ulisawazishe, na uuache uso wa kijia uiname kidogo kuelekea bondeni. Mwinamo wa asilimia 5 unatosha, yaani sentimita 5 kwa kila mita ya upana.

Tatu, toa maji yaliyotuama. Penye dimbwi, usijaze majani wala matawi. Yataoza na dimbwi litarudi. Chimba mwinamo wa nusu duara, wenye urefu wa kama mita 3 kando ya kijia, kina kikiwa upande wa bondeni, ili maji yapate mlango mpana wa kutokea. Mlango mwembamba huziba kwa majani wiki ya kwanza.

Nne, vunja mteremko mrefu. Kijia kinaposhuka mfululizo, kipe mahali kinapopanda kidogo kisha kishuke tena. Maji hayapandi, yakifika hapo hulazimika kutoka. Kwenye mteremko, sehemu moja kama hiyo kila mita 10 hadi 15 huokoa udongo mwingi.

Tano, fyeka pembeni ili mwendeshaji amwone anayetembea kabla hajamfikia. Pale penye kona, kuonana ni usalama wa mtoto wa shule na wa mzee mwenye mkongojo. Fyeka vichaka na nyasi tu. Mti, hata mdogo, haukatwi bila idhini ya afisa wa misitu.

Mfanye kazi mkiwa umbali wa mita 3 kati ya mtu na mtu. Beba jembe ubavuni, si begani. Kuwe na sanduku la huduma ya kwanza, na jina la kila aliyeingia liandikwe ili lihakikiwe wakati wa kutoka.

4. Kupanua: kibali kabla ya jembe

Kikundi kikishapata nguvu, hamu ya kufungua kijia kipya huja. Hapa ndipo wengi huingia matatani.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti wajibu wa kutekeleza sera za taifa kuhusu uhifadhi wa udongo, maji na misitu. Lakini msitu wa umma kama Kereita husimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kukata miti au kutengeneza njia katika msitu huo bila kibali ni kosa, hata kama aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema. Sheria hiyohiyo inaipa jamii mlango: wakazi wanaweza kujiunga katika chama cha jamii cha msitu, maarufu kama CFA, na chama hicho kikaomba KFS kishiriki katika kuutunza msitu kwa makubaliano ya maandishi. Kikundi cha baiskeli hupata sauti kikiwa ndani ya mpango huo.

Mkipewa idhini, wekeni alama za utepe kwenye njia yote kabla ya kuchimba, na mwalike afisa wa misitu aitembee pamoja nanyi. Epukeni chemchemi, kingo za mito na mashimo ya wanyama. Kateni kijia chote ndani ya mlima wenyewe, kwa upana wa sentimita 60 hadi 90. Udongo mnaochimba utawanyeni mbali upande wa bondeni. Msiutumie kupanua ukingo, kwa maana udongo uliolegea hubomoka na mtu akiwa juu yake.

Na kuna swali moja la kujiuliza kabla ya haya yote: vijia tulivyo navyo vinatunzwa? Kilomita moja mpya ni kilomita moja ya kazi kila msimu wa mvua. Kikundi ambacho hakiwezi kusafisha mitaro yake ya zamani hakijawa tayari kuongeza.

5. Mfano wa jirani

Msitu wa Karura uko jirani na kaunti yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Profesa Wangari Maathai na Green Belt Movement waliutetea usigawanywe kuwa viwanja vya kujenga. Hata baada ya kuokolewa, watu wengi waliogopa kuingia. Baadaye wakazi waliojiunga katika chama cha Friends of Karura Forest walishirikiana na KFS kuweka ua, walinzi na njia. Leo familia hutembea humo na baiskeli hupita kwenye njia zilizowekwa alama. Makubaliano yalitangulia, kazi ikafuata, na watu wengi walio ndani ya msitu wamekuwa macho yake.

Kwetu Kiambu, milima ya Aberdare ni mojawapo ya minara mitano mikuu ya maji nchini. Gunia la udongo linalobaki mlimani kwa sababu ya kijia kilichotengenezwa vizuri ni gunia lisiloingia mtoni.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kamba ya mita 10 imeonyesha kuwa mlima una mteremko wa mita 3 na kijia mita 2. Je, kijia kimepita kiasi? Kwa kipimo gani?
2. Kwa nini tuta la fanya juu hufaa shambani lakini tuta la ukingo halifai kijiani?
3. Dimbwi liko katikati ya kijia na waendeshaji wanalizunguka. Nini hutokea kwa upana wa kijia, na mtafanya nini?
4. Nani atoe idhini kabla ya kijia kipya kuchimbwa katika msitu wa umma?

Majibu: (1) Ndiyo, nusu ya mita 3 ni mita 1 na nusu, hivyo kimezidi kwa nusu mita. (2) Shambani tunataka maji yakae, kijiani tunataka yatoke. (3) Kijia hupanuka na kula msitu. Chimbeni mwinamo wa nusu duara wa kutolea maji, na waendeshaji wapite katikati hadi kazi iishe. (4) KFS, kupitia kituo cha misitu cha eneo lenu.

Anayetaka kuanza aende kwanza katika kituo cha misitu kilicho karibu naye, aulize kuhusu CFA ya hapo, na aombe kuonyeshwa kijia kinachohitaji mikono zaidi kabla mvua hazijaanza.