Feni Zinazunguka, Skrini Nyeusi: Usirudi Dukani Bado

Mdogo wangu wa Morogoro, barua yako nimeisoma na nimekuelewa vizuri. Umedunduliza, umenunua kifaa kimoja kimoja: mazabodi ya mtumba ya B450, prosesa mpya ya Ryzen 5 5600, vijiti viwili vya RAM vya GB 8, na kadi ya grafiki uliyouziwa na rafiki. Umeiunganisha mwenyewe kompyuta yako ya mezani kwa ajili ya kazi zako za usanifu. Ulipobonyeza kitufe feni zikazunguka, taa zikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi tii. Fundi wa mtaani akakuambia bodi imekufa, nunua nyingine. Nakuomba usinunue chochote kwanza. Na ninyi wengine ambao mashine zenu mpya zimegoma kwa namna nyingine, kaeni hapa karibu, nanyi mtapata la kwenu.

Kompyuta iliyounganishwa leo ikakataa kuwaka, mara nyingi haina kifaa kibovu. Ina waya uliosahaulika, RAM ambayo haijaingia mpaka mwisho, au vifaa viwili vizima kabisa ambavyo havijafahamiana. Ukikimbilia kununua bodi nyingine kabla hujajua tatizo liko wapi, utaifunga bodi mpya juu ya kosa lilelile, na hapo utakuwa na mashine ileile iliyogoma na mfuko mtupu. Mimi linaloniuma ni hilo. Pesa ya kudunduliza haistahili kuliwa na kubahatisha.

Tuanze na feni, kwa sababu ndizo zinazodanganya watu wengi. Feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba kompyuta imeamka. Kunathibitisha tu kwamba umeme wa volti 12 umefika kwenye feni. Prosesa inaweza kuwa haijapata umeme kabisa, au imeupata ikashindwa kuendelea, na feni zikaendelea kuvuma hadi asubuhi. Kuamka kwenyewe kuna utaratibu wake, mfano wa mbio za kupokezana vijiti: pawasaplai inakabidhi kwa prosesa, kisha RAM inakaguliwa, kisha kadi ya grafiki, mwisho diski yenye Windows. Anayeanguka njiani anawasimamisha wote walio mbele yake. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: imefika wapi kabla ya kusimama?

Bodi nyingi za miaka ya karibuni zinakujibu zenyewe. Angalia pembeni mwa bodi, mara nyingi upande ilipo plagi kubwa ya umeme, utaona taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Wakati wa kuwaka huwaka moja baada ya nyingine na kuzimika. Ile inayobaki imewaka ndiyo iliyokwama. DRAM ni RAM, VGA ni kadi ya grafiki, na BOOT maana yake mashine haijapata diski ya kuanzia. Kama bodi yako haina taa hizo, tafuta spika ndogo ya mlio, ile yenye waya wa pini nne, uichomeke kwenye sehemu iliyoandikwa SPEAKER. Milio ina maana yake, na kitabu cha bodi kinaeleza kila mlio. Kitabu kikiwa kimepotea, utakipata bure kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza bodi.

Kabla hujagusa kitu chochote ndani, zima swichi ya nyuma ya pawasaplai, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu ili umeme tuli wa mwilini mwako usiishie kwenye bodi. Pawasaplai yenyewe usiifungue hata siku moja. Mle ndani kuna vifaa vinavyotunza umeme wa kukudhuru hata baada ya waya kuchomolewa.

Sasa waya. Bodi inataka plagi mbili za umeme, na watu wengi huchomeka moja. Ile kubwa ya pini 24 haisahauliki. Inayosahaulika ni ya pini 8 inayolisha prosesa, ambayo tundu lake huwa juu kabisa pembeni mwa bodi, mahali ambapo mkono haufiki vizuri ukishafunga kila kitu. Bila hiyo utapata hali uliyonieleza: feni zinazunguka, picha hakuna. Na usiichanganye na plagi ya kadi ya grafiki, ambayo nayo ina pini 8. Ya prosesa hugawanyika nne kwa nne. Ya kadi hugawanyika sita na mbili. Maumbo ya vitundu vyake hayafanani, kwa hiyo ukiona plagi inakataa, usiisukume kwa nguvu. Na kama kadi yako ina tundu la umeme, nayo ilishwe. Kadi yenye njaa haitoi picha.

Hapa niseme jambo kwa ukali kidogo, kwa sababu nawapenda. Kuna pawasaplai ambazo waya zake huchomolewa upande wa pawasaplai. Waya wa pawasaplai moja usiutumie kwenye ya kampuni nyingine, hata kama unaingia vizuri. Upande wa bodi plagi zinafanana kwa kila kampuni, lakini upande wa pawasaplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka. Ukichanganya, volti 12 zinaweza kwenda mahali pa volti 5, na diski au bodi ikaungua mara moja. Ukinunua ya mtumba, dai waya zake zilezile. Na kama ni ya zamani yenye kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kinasoma 230 kabla ya kuchomeka ukutani, kwa sababu umeme wetu Tanzania ni volti 230 na Kenya ni 240. Baadhi ya mashine za mtumba zimetoka nchi zinazotumia volti ndogo, na kiswichi hicho kikisahaulika kwenye 115, pawasaplai inalipuka palepale.

Waya wa skrini nao hauchukui muda kuuangalia. Prosesa yako, Ryzen 5 5600, haina sehemu ya picha ndani yake. Ile yenye picha ni 5600G, herufi moja tu ya tofauti. Kwa Intel ni vivyo hivyo: prosesa yenye F mwishoni, mathalani Core i5-12400F, haina picha. Kwa hiyo ukichomeka waya wa HDMI kwenye tundu la bodi, hutaona chochote maisha yako yote. Chomeka kwenye kadi ya grafiki, chini kidogo, pale matundu yalipolala. Halafu hakikisha skrini yenyewe imewekwa isome tundu hilo, maana skrini yenye matundu mawili inaweza kuwa inasubiri picha upande wa pili.

RAM ndiyo ninayoishuku kuliko kitu kingine kwenye mashine mpya. Kuichomeka kunataka nguvu kuliko mtu anavyotarajia, na mtu mwenye huruma na kifaa chake huishia njiani. Upande mmoja unaingia, mwingine unabaki umeinuka kidogo sana. Itoe, fungua vibanio, iweke sawa na ule mkato wake wa katikati, kisha kandamiza ncha zote mbili mpaka usikie zinabana. Kama bodi ina nafasi nne na wewe una vijiti viwili, kawaida huwekwa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwa kupima, weka kimoja tu kwenye nafasi ya pili, washa, kisha jaribu kile kingine peke yake. Wenye bodi mpya za DDR5, hasa za AM5 zilizoingia sokoni 2022, naomba subira yenu: mara ya kwanza bodi huipima RAM na kuizoea, na wakati huo skrini huwa nyeusi kwa dakika kadhaa, hata robo saa kama RAM ni nyingi. Wapo wanaozima katikati wakidhani imekufa, wakaanza upya, wakazima tena. Iwashe, kaa pembeni, kunywa chai.

Sasa nije kwako hasa, mdogo wangu. Kama umepitia yote hayo na bado ni giza, nina shaka na jambo ambalo huyo fundi hakulitaja. Bodi za B450 zilitoka 2018. Prosesa yako ilitoka 2022. BIOS, ile programu iliyomo ndani ya bodi, kama haijawahi kusasishwa haiwezi kuitambua prosesa ambayo haikuwepo ilipoandikwa. Bodi nzima, prosesa nzima, na picha hakuna. Kama nyuma ya bodi yako kuna kitufe kidogo kilichoandikwa Flash BIOS au Flashback, una bahati: unapakua BIOS mpya kutoka tovuti ya kampuni, unaiweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unaipa faili jina ambalo kampuni inalitaka, unachomeka kwenye tundu lililowekewa alama, unabonyeza kitufe na kuiacha mpaka imalize, hata bila prosesa kutambulika. Hakikisha umeme hautakatika wakati huo. Kama una UPS, itumie, kwa sababu BIOS iliyokatizwa katikati huleta shida kubwa kuliko uliyonayo.

Kama kitufe hicho hakipo, mtafute mtu mwenye Ryzen ya kizazi cha zamani, ya familia ya 2000, akuazime kwa saa moja. Unawasha nayo, unasasisha BIOS, unarudisha yako. Fundi mwaminifu mwenye prosesa hiyo atakufanyia kwa bei ndogo kuliko bodi nyingine. Lakini kipoza joto usiking'oe kwa kuvuta juu. Prosesa za AM4 kama yako zina pini chini yake, na pesti ikishika prosesa huchomoka pamoja na kipoza joto, pini zikapinda. Kizungushe taratibu kushoto na kulia mpaka kilegee, ndipo ukiinue.

Ikishindikana kote huko, toa kila kitu nje ya kasha. Najua inachosha ukizingatia ulivyopanga waya vizuri. Ilaze bodi juu ya boksi la kadibodi, weka prosesa na kipoza joto chake, kijiti kimoja cha RAM, kadi ya grafiki na pawasaplai. Basi. Usiweke diski wala waya za kasha. Washa kwa kugusisha bisibisi kwa nukta moja kwenye zile pini mbili za PWR_SW. Ikiwaka nje na ndani ya kasha ikagoma, tatizo ni kasha: pengine kimojawapo cha vile vijiguu vya kushikilia bodi kimewekwa mahali pasipo na tundu la skrubu, kinagusa mgongo wa bodi na kupiga shoti. Ukiona imewaka, rudisha vifaa kimoja kimoja, ukiwasha kila baada ya kimoja. Ukirudisha viwili kwa pamoja na ikagoma, hutajua kipi ndicho chenye tatizo.

Ninyi ambao mashine haishtuki kabisa, hata feni, anzeni na swichi ya nyuma ya pawasaplai iwe upande wa mstari na siyo duara, jaribuni soketi nyingine ya ukutani badala ya ekstensheni, kisha zile pini mbili za kitufe. Waya wa kitufe cha kasha ukikaa pini moja pembeni, utabonyeza mpaka uchoke. Na ile inayowaka ikajizima baada ya sekunde chache, angalieni kipoza joto: kimekaza pande zote, feni yake imechomekwa kwenye CPU_FAN, na ile nailoni ya kukinga sehemu ya chini imeondolewa kweli.

Siku ukiona maandishi ya BIOS kwenye skrini, furahi, kwa sababu kazi ngumu imekwisha. Likija tangazo kwamba hakuna diski ya kuanzia, hiyo si hitilafu: diski yako ni tupu, inasubiri Windows. Kabla ya hapo angalia joto la prosesa humo ndani ya BIOS. Likipanda bila kutulia likapita nyuzi 80, zima, ukakifunge kipoza joto upya. Na usikimbilie kuiongezea RAM kasi siku hiyohiyo. Ukiiongezea ikagoma tena, chomoa umeme, toa ile betri bapa ya CR2032 kwa dakika chache, irudishe, na bodi itasahau ulichoiamuru.

Mdogo wangu, nimeona pia ulichoandika mwishoni, kwamba kaka zako walisema kazi hii si ya msichana. Uliunganisha pawasaplai, prosesa, RAM na kadi, na hakuna kilichoungua. Endelea. Niandikie tena unitajie jina kamili la bodi, lile lililochapishwa juu yake katikati ya nafasi za kadi, pamoja na namba ya Rev kama ipo, na ni taa ipi kati ya zile nne iliyobaki imewaka. Kwa hayo mawili nitakutafutia BIOS inayokufaa.