Nungu wa bahari: tumlishe mwani upi?

Somo la leo limetoka kwenye simu. Juzi nipo chumbani hapa Mesaimeer, kiyoyozi kinanguruma, mama mdogo kanipigia kutoka Paje. Analima mwani, kama wanawake wengi wa huko tangu kilimo hicho kianze kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Kasikia Wajapani wananunua kwa bei nzuri nungu wa bahari, yule duara mwenye miba, ukimkanyaga unalia. "Mwanangu, si unasoma mambo ya bahari? Nitoe akiba yangu niwafuge, niwalishe mwani unaokatika kambani?"

Nusura niseme ndiyo palepale.

Tatizo ni hili. Kinacholiwa ni hayo tunayoita mayai, kumbe ni viungo vya uzazi, vitano, vya dume na vya jike. Ndiyo ghala lake la chakula pia, kwa hiyo unachomlisha kinaonekana humo. Rangi ya njano au chungwa hutokana na karotenoidi za kwenye chakula. Mwenyewe hawezi kuzitengeneza. Mwani wa kambani, spinosamu, una utomvu mwingi wa karajinani (ndio unaouzwa) na protini kidogo. Nungu anaweza kuutafuna siku nzima na mayai yabaki membamba. Ulva, ule wa kijani kama jani la saladi, ukikua kwenye maji yenye mbolea protini yake hupanda. Afrika Kusini wamemjaribu *Tripneustes gratilla*, ambaye yupo pwani yetu pia: chakula cha kutengenezwa kikiongezwa Ulva, alikula zaidi.

Basi kula sana si kipimo peke yake. Nilimwambia aanze na ndoo, sio akiba. Ndoo tatu za spinosamu, tatu za Ulva, tatu za mchanganyiko. Nungu watatu ndani ya ndoo moja hawahesabiki kuwa majaribio matatu, maana maji yakiharibika wanakufa wote (hapa hata sisi wa chuo tunakosea). Aweke na ndoo zenye mwani bila nungu, maana mwani wenyewe hukua au huoza, na uzito hubadilika bila kuliwa. Apime mwani ukiwa umekaushwa maji kwa kitambaa, kabla na baada.

Apasue wachache mwanzoni, wengine baada ya wiki kumi. Nungu wa gramu 100 mwenye mayai ya gramu 8 ana asilimia 8. Alinganishe, atazame rangi, aonje.

Ningeweza kumfanyia jaribio huku, lakini maji ya Ghuba kiangazi hupita nyuzi 33 na chumvi yake ni kali kuliko ya Paje. Majibu yangemdanganya.

Kanijibu: "Ndoo ninazo sita tu." Nikamwambia aache mchanganyiko.