Somo: Sheria Inatoka Wapi?



Hapa Bagira, wazee wetu na mama zetu waliokimbia vijiji vyao huuliza: ni nani kule Kinshasa anayeamua juu ya haki zetu? Kijana mtafiti aanze hapa.

1. Mabaraza mawili

Katiba ya Februari 18, 2006 imegawa Bunge mara mbili. Baraza la Taifa lina viti 500, na wabunge wake huchaguliwa na wananchi. Maseneta huchaguliwa na mabaraza ya majimbo. Wote hupewa miaka 5. Vikao vya kawaida ni viwili: Machi 15 hadi Juni 15, na Septemba 15 hadi Desemba 15. Kile cha Septemba hushughulikia hasa bajeti.

2. Safari ya sheria

Serikali, mbunge au seneta huleta pendekezo. Tume hulichunguza, baraza hulijadili na kupiga kura, kisha linakwenda baraza la pili. Wasipopatana, tume ya pamoja hutafuta mwafaka. Ikishindikana, Baraza la Taifa ndilo linakata neno. Rais ana siku 15 za kuitangaza sheria au kuomba ijadiliwe upya. Mwishoni huchapishwa katika Gazeti Rasmi.

Mfano: sheria namba 22/065 ya Desemba 26, 2022 inahusu ulinzi na fidia kwa waliobakwa vitani na waliotendewa makosa mengine dhidi ya amani na usalama wa binadamu.

3. Kuisimamia serikali

Bunge huuliza mawaziri maswali na huunda tume za uchunguzi. Baraza la Taifa laweza hata kuiangusha serikali kwa kura.

4. Nafasi yetu

Ibara ya 101 inasema mbunge anawakilisha taifa zima. Basi aliyekimbia kwao hajapoteza mwakilishi. Ibara ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake.

Angalizo: tangu M23 walipoingia Bukavu, Februari 2025, kuulizauliza kunaweza kuleta hatari. Anza na maandishi ya sheria. Usimlazimishe mtu kusimulia, wala usiandike jina lake.

Maswali ya kikundi

- Sheria ya 2022 inaahidi nini, na familia zetu zimeona nini?
- Tukiandika ombi moja, tuombe nini kwanza?
- Nani atasoma kwa niaba ya wasiojua Kifaransa?